Daftari la Siku Kumi na Nne

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kituo cha afya kuchukua ufunguo wa nyumba. Mama yake alikuwa mtaalamu wa maabara. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha dogo la kupokelea vichupa vya vipimo, na Chiriku alipanga foleni pale kama mgonjwa yeyote, mpaka zamu yake ifike apewe ufunguo na maagizo mawili matatu: viazi viko chini ya meza, mdogo wako asimalize maji. Kisha alikwenda kumchukua mdogo wake shule ya chekechea, na njia nzima alikuwa akiongea.

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini ni walimu tu waliolitumia. Wengine wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mdogo wake, mwenye miaka mitano, alikuwa kinyume chake. Alikuwa na kigugumizi, na mbele ya wageni alinyamaza kabisa. Dada yake ndiye aliyemsemea dukani na kwa majirani, kwani alijua anachotaka kusema kabla hajafika katikati. Baba yao alifariki mtoto huyo akiwa bado hajaanza kutambaa.

Mji ule walihamia miaka miwili nyuma, mama alipopewa uhamisho. Wakati huo ulikuwa mji mdogo tu. Baadaye kikafunguliwa kiwanda cha saruji, wakamiminika mafundi, madereva na wahandisi, na kila mwenye chumba cha kupangisha akagundua kwamba amekalia dhahabu. Kodi ya nyumba yao ilipanda mara mbili. Bomba la uani, ambalo zamani lilitoa maji kila asubuhi, lilianza kukohoa, kisha likakauka kabisa.

Mshahara wa mama ulibaki palepale. Juu ya mshahara, wafanyakazi wa serikali walipata posho ya eneo, yaani nyongeza inayolingana na gharama za maisha za mahali walipopangiwa kazi. Miji yote ilikuwa imegawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilikuwa la miji ghali, la tatu la miji rahisi. Mji wao ulikuwa katika kundi la tatu, kwa orodha iliyoandikwa kabla kiwanda hakijaja. Rafiki wa mama waliyesoma pamoja, anayefanya kazi ileile katika mji wa kundi la kwanza, alipata posho mara nne ya ile ya mama. Mama alisema kwamba kwa hesabu za wakubwa, watu wa mji huu wanakula hewa na kushushia na upepo. Alisema hivyo akicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Siku moja akaja afisa takwimu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na mkoba uliobeba mizani ndogo. Alieleza kwamba orodha ya miji inapitiwa upya, na nyumba hamsini za wafanyakazi wa serikali zimechaguliwa. Kila nyumba itapewa daftari, na kwa siku kumi na nne itaandika kila inachonunua, kipimo chake, bei yake, na mahali kiliponunuliwa.

Chiriku aliuliza maswali mengi, na afisa hakuchoka kumjibu. "Chukua kikapu kimoja," alimwambia. "Weka unga, mafuta, sabuni, weka na kodi ya nyumba. Sasa kipeleke kikapu hichohicho mji mwingine. Kama huku ni laki moja na kule ni laki moja na nusu, basi watu wawili wenye mshahara mmoja hawako sawa. Posho ipo ili izibe pengo hilo. Lakini ukubwa wa pengo hatuujui mpaka ninyi mtuambie."

Mama alitia sahihi kwenye jalada, chini ya maneno yaliyosema kwamba yote yatakayoandikwa humo ni kweli. Kwa kuwa zamu zake hazikumpa nafasi, kazi ya kuandika alimpa Chiriku, ambaye mwandiko wake ulikuwa safi. Siku tatu za kwanza msichana aliandika kwa fahari. Sabuni ya mche, mia tano. Mafuta ya kupikia, lita moja, elfu moja mia tatu. Mkate, mia tatu. Vyote vilinunuliwa kwa Mzee Mizani, mwenye duka la pembeni aliyepewa jina hilo kwa sababu hakupunja mtu hata punje ya sukari.

Siku ya nne Chiriku alikuwa jikoni akimenya viazi. Dirisha lilikuwa wazi, na nje mama alikuwa akianika nguo pamoja na jirani yao, mwalimu ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha. Chiriku alisikia sauti ya mama ikishuka, na sauti ya mtu mzima ikishuka, mtoto hutega sikio.

Mama alikuwa akieleza kwamba mwenye nyumba ametangaza kupandisha kodi tena mwaka ukianza. Mji ukibaki kundi la tatu, hataweza. Atatafuta chumba kimoja karibu na kituo cha afya akae peke yake. Mdogo atakwenda kwa shangazi yake, na Chiriku kwa bibi, mbali kabisa upande mwingine.

"Wenyewe hawajui," mama alisema. "Sitaki wajue mpaka mambo yaamuliwe."

Kisu kilimtoka Chiriku mkononi kikaanguka ndani ya beseni. Mdogo wake alikuwa sakafuni akipanga maganda ya viazi kama magari. Chiriku alimtazama, akamwona akilini amesimama mlangoni kwa shangazi, nyumba iliyojaa watoto wakubwa wenye kelele, akijaribu kuomba maji ya kunywa, na hakuna anayengoja amalize neno. Alitaka kutoka nje aulize, lakini aliokota kisu ndani ya beseni akaendelea kumenya.

Mama alipokwenda kazini, Chiriku alifungua daftari. Tarakimu tano ni rahisi kuigeuza kuwa nane. Tatu ni rahisi zaidi. Sabuni ikawa mia nane. Mafuta yakawa elfu moja mia nane. Mkate ukawa mia nane pia. Mstari mmoja aliuchafua kwa wino. Alijiambia kwamba hamuibii mtu. Bei zikionekana kubwa, mji utapandishwa kundi, na hakuna atakayehamishwa. Kuanzia siku hiyo hakuhitaji tena kugeuza tarakimu, kwani aliandika bei za uongo moja kwa moja.

Nafuu aliyoipata haikuzidi siku nne. Siku ya nane, mama akiwa kazini, afisa takwimu alirudi kukagua. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akafungua kurasa polepole, bila uso wake kusema chochote. Penseli yake iliweka alama ndogo penye sabuni, penye mafuta, penye mkate. Chiriku alihesabu alama hizo. Zilikuwa kumi na moja.

"Vyote hivi mmenunua kwa Mzee Mizani?" afisa aliuliza.

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Afisa aliandika kitu kwenye karatasi yake, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, Chiriku na mdogo wake walitumwa chumvi. Walipofika dukani walimkuta afisa takwimu amesimama mbele ya kaunta, na Mzee Mizani amevua miwani yake. Afisa alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida kwamba bei zilizo kwenye ubao wa duka si bei zilizoandikwa na nyumba mojawapo. Hakuitaja nyumba hiyo. Mzee alijibu kwamba yeye ana bei moja tu, ya mkubwa na ya mtoto, na tangu afungue duka haijawahi kuwa vinginevyo. Afisa alisema sheria inamlazimu kumjulisha afisa biashara, naye ndiye atakayeamua.

Wateja wanne walikuwa wakisikiliza. Mmoja alirudisha sabuni aliyokuwa ameishika, akatoka. Mwingine alinong'ona kwamba kumbe mzee anauza kwa kuangalia sura. Chiriku alimshika mdogo wake mkono wakarudi nyumbani bila chumvi, na mama alipouliza, alisema imekwisha. Huo nao ulikuwa uongo, wa kumi na ngapi hakujua.

Maneno yalikimbia mtaani kuliko moto. Mama Pacha alikuja kumwambia mama kwamba tangu leo yeye ananunua vitu vyake upande wa pili wa barabara, maana huenda miaka yote hiyo wameibiwa wakichekewa. Alhamisi, Chiriku akipita, aliona duka tupu na mikate ya jana ikiwa bado imejaa kwenye kabati la kioo. Mzee Mizani alikuwa ameketi peke yake na barua mbele yake. Aliitwa kwa afisa biashara Jumatatu, na watu walisema leseni yake inaweza kufutwa.

Sasa Chiriku alikuwa na hofu mbili, na kila moja ilimsukuma kwa nyingine. Akisema, mji hautapandishwa, mdogo wake atachukuliwa, na mama aliyetia sahihi atafukuzwa kazi. Akinyamaza, mzee asiye na kosa atafungiwa duka. Darasani mwalimu aliuliza swali, na darasa zima likageuka kumtazama Chiriku likisubiri mkono wake wa siku zote, lakini mkono haukuinuka.

Ijumaa mchana alipokwenda kuchukua ufunguo, mama alimtazama kupitia lile dirisha dogo, kisha akamfungulia mlango wa maabara. Alimpima joto, akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo. Alikaa muda mrefu jicho lake likiwa kwenye hadubini. Chiriku alisimama pembeni akijiuliza kama damu inaweza kuonyesha mambo ya namna ile.

"Haina kitu," mama alisema hatimaye. "Damu yako ni safi. Basi huo ugonjwa uko mahali ambapo mashine yangu haifiki. Niambie wewe."

Chiriku alifungua mdomo, yakatoka machozi kabla ya maneno. Kisha yakatoka yote kwa pamoja, viazi, dirisha, tano iliyogeuzwa nane, alama za penseli, mikate iliyobaki kabatini. Mama hakumkatiza. Alipomaliza, mama alikaa kwenye stuli, na Chiriku aliona kitu kilichomtisha kuliko fimbo: mama yake naye alikuwa anaogopa. Vidole vyake vilikuwa vikishika kifungo cha koti jeupe na kukiachia, kukishika na kukiachia.

"Ile sahihi ni yangu," mama alisema kwa sauti ya chini. Kisha akasimama, akavua koti, akamwomba mwenzake amshikie zamu kwa saa moja. "Twende sasa hivi. Tukingoja kesho hatutakwenda."

Walimwacha mdogo kwa jirani, wakachukua daftari nyumbani. Afisa takwimu alikuwa amepewa chumba nyuma ya ofisi za halmashauri, chumba chenye meza moja na madaftari ya nyumba zilizotangulia kumaliza, yaliyopangwa hadi usawa wa dirisha. Mama alisalimia, akamsukuma binti yake mbele kidogo, akasema mtoto ana neno. Chiriku aliangalia viatu vya raba vya yule afisa, akaanza. Sauti yake ilikuwa ndogo hata ilibidi aambiwe arudie. Alirudia. Alionyesha ukurasa kwa ukurasa kila bei aliyoigeuza, na afisa alipiga mstari mwekundu katika kila moja, bila haraka.

Alipomaliza, afisa alimuuliza kwa nini alifanya hivyo. Chiriku alimwambia juu ya shangazi na bibi, na juu ya mdogo wake ambaye hakuna mwingine anayemngoja amalize kusema. Mama alikuwa ameligeukia dirisha, mabega yake yakiwa yameinama.

Afisa alisema daftari hilo limekufa, halitahesabiwa. Atamwandikia afisa biashara barua leo hii, na suala la Mzee Mizani litaishia hapo. Kuhusu sahihi ya mama, atalazimika kutoa taarifa, lakini ataandika pia kwamba mwenye daftari amekuja mwenyewe kabla hajaitwa, na jambo la namna hiyo kwa kawaida huishia kwenye onyo. Mama alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu maabara.

Afisa alikuwa tayari ameinua mkono kuliweka daftari kando, akasita. Alilifungua tena, akapekua kurasa mbele na nyuma.

"Nyumbani kwenu maji mnapata wapi?" aliuliza.

Chiriku alishangaa. Alieleza kwamba bomba limekauka, kwa hiyo muuza maji huleta kwa mkokoteni, madumu sita kila siku, mia moja hamsini kwa dumu.

"Mbona humu hayamo?"

Chiriku alifikiri. Maji hakutumwa dukani kuyanunua. Yalilipiwa mlangoni kwa sarafu zilizokaa kwenye kikombe, kila siku, mpaka hakuna aliyeyaona tena kama kitu kinachonunuliwa. Afisa alivuta daftari la nyumba nyingine, akalifungua, halafu jingine, halafu jingine. Katika madaftari saba ya kwanza, ni moja tu lililotaja maji. Alichukua karatasi, akaandika hesabu, akawageuzia waione. Mia tisa kwa siku, elfu ishirini na saba kwa mwezi. Posho ya kundi la tatu ilikuwa elfu ishirini.

"Yaani posho yote haitoshi hata maji," mama alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia habari za nyumba ya mtu mwingine.

Afisa alisema kuanzia kesho atarudi nyumba zote hamsini kuuliza habari za maji. Kisha akamkabidhi Chiriku daftari jipya, jeupe, la siku kumi na nne nyingine. Mama alilitia sahihi, safari hii baada ya kuyasoma maneno ya jalada mara mbili.

Kutoka pale walikwenda dukani. Mzee Mizani alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho, mikono yake ikiwa juu ya kaunta. Alisema hakuogopa barua ya afisa, kwa maana karatasi hujibiwa kwa karatasi. Alichoogopa ni macho ya wateja wake. Basi kama ana radhi ya kuomba, aiombe mbele yao. Chiriku alikaa pale mpaka saa kumi na mbili, na kila aliyepita nje au kuingia, akiwemo Mama Pacha, alimweleza alichokifanya. Mashavu yalimwaka moto, na mara ya tano haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Mama Pacha alimwangalia mzee, akaangalia chini, akanunua mikate miwili ambayo hakuihitaji.

Siku kumi na nne zilizofuata zilikuwa na hofu ya aina yake. Sukari iliposhuka bei, Chiriku alijua kila punguzo linaweza kumsogeza mdogo wake karibu na mlango wa shangazi. Kalamu ilining'inia juu ya karatasi, kisha akaandika bei ilivyo. Aliandika na maji, madumu sita, na siku moja madumu saba kwa sababu mdogo wake alimwaga. Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja tu. Mama alipata barua ya onyo, akaisoma mara moja, akaiweka kabatini. Mwezi ulipita, ukafuata mwingine. Kila mtu mgeni mwenye bahasha alipoonekana mtaani, Chiriku alihisi baridi mgongoni.

Orodha mpya ilibandikwa kwenye ubao wa kituo cha afya asubuhi moja ya mwisho wa mwaka. Mji wao ulikuwa umepelekwa kundi la pili, na maelezo ya chini yalisema gharama ya maji na kodi za nyumba ndizo zilizoupandisha. Posho ingekuwa elfu arobaini na tano. Mama aliweka karatasi mezani, akajumlisha mshahara na posho, akatoa kodi mpya, akatoa maji, akatoa chakula na nauli. Haikubaki pesa nyingi. Viatu vipya vya shule vingengoja. Lakini nyumba ilikuwa inalipika, na hakuna aliyekuwa anahama.

Alimwita Chiriku akae naye mezani.

"Mimi naandika majibu ya wagonjwa kila siku," alisema. "Wapo wanaoniomba niwaandikie jibu wanalolitaka. Nikimhurumia mtu kwa namna hiyo, daktari atampa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na ule alionao utaendelea kumla. Ndivyo ulivyotaka kufanya na mji huu. Ulipandisha sabuni na mkate, vitu ambavyo havikuwa na tatizo, na maji yanayotumaliza hukuyaandika hata mara moja. Ungesababisha mzee wa watu afungiwe duka, na shida yetu ikabaki imejificha palepale."

Chiriku alisema amelielewa hilo.

"Na mimi nina langu," mama aliendelea. "Nilidhani nikikuficha hofu yangu, wewe hutaogopa. Kumbe uliichukua ukaibeba peke yako, na mtu akibeba hofu peke yake huona njia ya uongo tu, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Kuanzia leo, bei ikipanda, nitakwambia. Na wewe ukiogopa, njoo uniambie siku hiyohiyo, hata kama jambo ni baya, hata kama umelifanya wewe. Tutaogopa wawili, lakini tutasema kweli."

Kisha akamsogezea ile karatasi ya hesabu na penseli, wakaanza kuipitia upya pamoja, mstari kwa mstari, kutoka juu.